Nani Alimlea Bibi Macbeth?

Mwaka 1933 mhakiki Mwingereza, L. C. Knights, alitoa kijitabu chenye kichwa cha kebehi: Bibi Macbeth alikuwa na watoto wangapi? Hakuwa anatafuta jibu. Alikuwa anawacheka wahakiki wa kizazi kilichomtangulia, waliozoea kuwapeleleza wahusika wa Shakespeare kana kwamba ni majirani wa mtaa wa pili: huyu ana umri gani, yule alikuwa wapi siku baba yake alipofariki. Kwa Knights, mhusika hana maisha nje ya maneno aliyopewa. Pazia likishuka, kwisha habari yake. Ukianza kuuliza alinyonya ziwa la nani umeshatoka kwenye fasihi, umeingia kwenye umbeya.

Haya, umbeya huo leo ndio biashara. Mwaka 2024 peke yake vilitoka vitabu vitatu vya Kiingereza juu ya mwanamke huyu huyu: Lady Macbeth cha Ava Reid, All Our Yesterdays cha Joel H. Morris, na Queen Macbeth cha Val McDermid. Na wimbi lenyewe si la jana. Jean Rhys alishampa utoto yule mke mwendawazimu aliyefungiwa darini katika Jane Eyre. Hiyo ilikuwa 1966. Gregory Maguire akampa utoto mchawi wa nchi ya Oz mwaka 1995, na mchawi huyo akaja kuimba jukwaani kuanzia 2003. Madeline Miller akamgeukia Circe, yule mwanamke wa visiwani aliyewageuza mabaharia kuwa nguruwe, mwaka 2018. Inaelekea kila mwovu wa zamani sasa anatafutiwa mama, baba, na jeraha la utotoni.

Ndugu msomaji, wewe unayeandika au unayetaka kuandika, suala hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Swali langu ni moja tu: ukimpa mwovu utoto, umemweleza au umemsamehe? Maana hivi ni vitu viwili tofauti, na riwaya nyingi za mtindo huu zinavichanganya kama uji na mchuzi.

NYUFA MBILI

Tuanze na Shakespeare mwenyewe. Tamthilia yake, iliyoandikwa yapata mwaka 1606 na kuchapishwa mwaka 1623 wakati mwenyewe keshafariki, haimpi mwanamke huyu hata jina. Ni mke wa Macbeth, basi. Wanaoijua kwa Kiswahili kupitia tafsiri ya Samuel Mushi, Makbeth, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968, wanakumbuka jinsi anavyoingia: mkononi barua ya mumewe, na kabla hajaikunja ameshaamua kwamba mfalme Duncan akiingia nyumbani mwake hatoki akiwa hai. Anawaita pepo wamwondolee huruma. Mume anasitasita, mke anamsuta uanaume wake mpaka kisu kinazama. Baadaye usingizi mtulivu unamkimbia, anatembea usiku akinawa mikono isiyotakata, na anafia nje ya jukwaa. Wazazi hatuwaoni. Utoto hatuuoni.

Lakini soma polepole. Kuna nyufa mbili ukutani. Ufa wa kwanza ni maziwa: katika kumshinikiza mumewe anasema amewahi kunyonyesha, na anaujua utamu wa kumpenda mtoto aliye kifuani, kisha anaapa kwamba angemng'oa mtoto huyo ziwani na kumpasua kichwa kama angekuwa ameweka kiapo. Na katika tamthilia nzima mtoto huyo haonekani! Yuko wapi? Alikufa? Alikuwa wa mume gani? Ufa wa pili ni mdogo zaidi na watu wengi huupita. Usiku wa mauaji, akiwa peke yake, anakiri kwamba angemchoma Duncan kwa mkono wake mwenyewe, ila mzee yule akiwa usingizini alifanana na baba yake.

Hebu tulia hapo. Mwanamke aliyeomba huruma yote ing'olewe moyoni anazuiwa na sura ya mzee aliyelala. Maana yake ni kwamba zamani palikuwa na msichana aliyewahi kumtazama baba yake usingizini, na sura ile ikamganda moyoni kwa namna ambayo hata pepo hawakuweza kuifuta. Ushahidi pekee tulio nao juu ya malezi yake ni huo, nao unaelekea kwenye upendo, si kwenye mateso.

Wahenga wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi naona Shakespeare anaigonga methali hiyo mahali penye maumivu. Vipi kama alilelewa vizuri? Vipi kama alipendwa, naye akapenda, na bado siku ilipofika akachagua damu? Hilo ndilo swali la kutisha. Kumwandikia utoto mbaya ni kulikimbia.

GRUOCH WA HISTORIA

Historia nayo ina lake. Mke wa Macbeth alikuwapo kweli, na jina lake ni Gruoch. Alikuwa binti wa Boite, wa ukoo wa kifalme wa Scotland. Mume wake wa kwanza, Gille Coemgáin, mtawala wa Moray, alichomwa moto mwaka 1032 pamoja na watu wake hamsini. Wanahistoria wengi wanamshuku Macbeth mwenyewe kuwa nyuma ya moto huo. Mwaka 1033 mfalme Malcolm wa Pili alimwua ndugu mmoja wa ukoo wa Boite. Malcolm huyo ndiye babu yake Duncan. Gruoch akabaki na mtoto wa kiume, Lulach, akaolewa na Macbeth. Mwaka 1040 Duncan, ambaye hakuwa mzee wa ndevu nyeupe, aliuawa vitani na jeshi la Macbeth, wala hakuchomwa kisu kitandani. Macbeth akatawala miaka kumi na saba, muda wa kutosha hata kwenda kuhiji Roma mwaka 1050. Aliuawa 1057. Lulach akavikwa taji baada yake, naye akauawa 1058.

Umeona mambo hayo? Mjane kijana, mume wake ameteketea, ndugu yake ameuawa na mfalme, mtoto yuko mgongoni, na mtu anayekuja kumposa huenda ndiye aliyewasha kiberiti. Hapo hata uchawi huhitaji. Tayari una riwaya.

Basi mwandishi anayetaka kuusimulia utoto na ujana wa Bibi Macbeth ana mitaji mitatu: ufa wa maziwa, ufa wa baba, na majivu ya Moray. Tutazame wameitumiaje.

MACHO YA ROSCILLE

Ava Reid, mwandishi wa Marekani, ameitupa Moray yote. Bibi Macbeth wake ni Roscille, msichana wa miaka kumi na saba, binti wa nje ya ndoa wa mtawala wa Brittany, ng'ambo ya bahari. Anafunikwa shela kwa sababu macho yake yanasemekana huwatia wanaume wazimu. Baba yake anamwoza kwa Macbeth, bwana wa Glammis, jitu la mtu ambaye lugha yake msichana haifahamu vizuri. Chini ya ngome kuna pango, na pangoni wako wanawake watatu wamefungwa minyororo, wanafua nguo bila kukoma na kutabiri. Ndio wale wachawi watatu wa Shakespeare.

Nikiri kwamba mwanzo wa riwaya unashika. Reid anajua kutia baridi kwenye sentensi. Ngome inanuka chumvi, na lile shela unalihisi usoni mwako. Hapa fantasia inafanya kazi inayoiweza kuliko aina nyingine yoyote ya uandishi: inaichukua tamathali na kuifanya kitu cha kushikika. Hofu ya wanaume kwa jicho la mwanamke imekuwa kitambaa. Wachawi, waliokuwa huru nyikani, wamekuwa mali ya bwana mwenye ufunguo. Mwandishi chipukizi na ajifunze hapo.

Na kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote kitabuni. Roscille, akiogopa kitanda cha ndoa, anadai kwamba mila ya kwao inampa bibi harusi haki ya kuomba vitu vitatu kabla ya kuguswa. Anaomba mkufu wa dhahabu wenye yakuti nyekundu. Anajua mkufu wa namna hiyo uko kwa bwana wa Cawdor. Anajua kuufuata ni vita. Anatumaini mume atafia huko huko.

Bwana wee, hapo nilikaa wima. Huyu ndiye Bibi Macbeth! Mnyonge mwenye akili anayeokota silaha ya pekee iliyo karibu, yaani maneno, na kuitumia bila kujali watu wa Cawdor waliolala majumbani mwao bila kosa lolote. Kisha mume harudi maiti. Anarudi na mkufu, na cheo, na njaa kubwa zaidi. Msichana amepanda mbegu kwa mkono wake. Kama riwaya ingeufuata mti huo mpaka matunda yake, leo tungekuwa tunazungumzia kitabu kikubwa.

Haikuufuata. Kadiri kurasa zinavyosogea, uovu unahama kutoka kwa Roscille na kurundikwa kwa Macbeth. Kwa Shakespeare mke ndiye anayemsukuma mume amwue mfalme. Kwa Reid mume ndiye anayemwamuru mke. Aliyekuwa anasukuma sasa anasukumwa. Anaingia mwana wa mfalme, Lisander, mwenye laana ya kugeuka joka, na mapenzi yanaanza. Hapo sikai, maana hadithi ya mrembo na joka unaifahamu hata kabla hujafunua ukurasa. Tatizo langu liko kwingine. Mwanamke huyu alikuwa mmoja wa wachache sana katika fasihi ya zamani waliotenda kwa utashi wao, kwa ubaya lakini kwa utashi. Reid, kwa nia ya kumtetea, amemnyang'anya kitu hicho kimoja. Amemwondolea hatia, na pamoja na hatia akamwondolea nguvu. Hivi huo ni utetezi?

Tazama pia ufa wa baba. Baba wa Roscille ni mjanja wa siasa anayemtumia bintiye kama kete ya bao. Msichana wa namna hiyo hawezi kuuzuia mkono wake kwa sababu mzee aliyelala anafanana na baba. Pengine angekaza zaidi! Kwa hiyo ufa aliouacha Shakespeare umezibwa kwa saruji. Mwandishi amejenga utoto ambao hauwezi kumzaa mwanamke yule tunayemjua.

Na jambo la mwisho, ambalo sisi tuliozaliwa huku hatuwezi kulifumbia macho. Gruoch wa kweli alikuwa Mskoti, binti wa nchi. Reid amemfanya mgeni aliyestaarabika anayetupwa katikati ya watu wa nchi wenye manyoya, harufu na ukatili. Mgeni mwenye adabu, wenyeji makatili: hadithi hiyo tumesimuliwa sana, na waliosimuliwa vibaya tulikuwa sisi. Ikirudi na sura ya Scotland haigeuki kuwa nzuri.

MTOTO ALIYEKUWAPO

Joel H. Morris anapita mlango mwingine. All Our Yesterdays inaanza miaka kumi kabla ya matukio ya tamthilia. Msichana wa ukoo wa kifalme uliosahauliwa, mwenye hatia ya kifo cha mama yake moyoni na utabiri usiofahamika kichwani, anaolewa akiwa na miaka kumi na mitano na mtawala wa Moray. Mume huyo ni katili. Anazaa mtoto wa kiume. Mume anapoanguka, mama na mwana wanapata nafasi ya kupumua, kisha Macbeth anatokea.

Hapa uchawi ni mdogo, wa minong'ono na ndoto, nao unatosha. Morris ameelewa ufa wa maziwa. Ameuliza swali lile lile alilolicheka Knights, watoto wangapi, akajibu: mmoja, na nitamweka hapa sebuleni mumwone. Tena mtoto mwenyewe anapewa macho na sauti. Anamtazama mama yake akimpenda mtu ambaye huenda amehusika na kifo cha baba yake. Wakati mama anajieleza kwetu, mtoto yuko pembeni anapima. Kwa fani hiyo peke yake Morris amejikinga na kosa la Reid, kwa sababu maelezo ya mama hayasimami bila shahidi. Kila mara unapotaka kumhurumia, unamwona kijana mlangoni, kimya, na huruma yako inapata mashaka. Ndivyo inavyotakiwa.

Lakini naye hakuthubutu mpaka mwisho. Mume wa kwanza amefanywa mkatili, ili moto wa Moray usituume sana. Kwa nini lazima awe mkatili? Historia haisemi hivyo. Fikiria riwaya ambamo Gille Coemgáin ni mume wa kawaida, anayekoroma, anayempenda mwanawe, anateketezwa, na mjane wake, baada ya kuhesabu mashamba, jeshi na maisha ya mtoto, anaikubali posa ya mtu anayemshuku. Anakubali macho yakiwa wazi. Hapo ndipo mwanamke wa Shakespeare anapozaliwa, pale anapogundua kwamba anaweza kulala kitanda kimoja na jambo la kutisha na asubuhi akaamka.

KUELEZA SI KUSAMEHE

Kuna watakaosema: wewe mhakiki una roho ngumu, waovu nao ni watu. Ndiyo, ni watu, na ndiyo hoja yangu. Mtu ni yule aliyekuwa na njia mbili akashika moja. Ukiziba njia ya pili kwa mateso, laana na baba katili, umebakiza mashine, na mashine haina kosa wala haina utu.

Jambo hili halikomei vitabuni. Mtaani kijana akipigiwa kelele za mwizi hakuna anayeuliza utoto wake, mawe yanatangulia. Mheshimiwa akila fedha za umma, watakuja watu kutueleza alivyotembea pekupeku kwenda shule. Huruma zetu tunazigawa kwa upendeleo. Fasihi ingepaswa kuturekebisha hapo: imweleze hata yule wa mawe, na isimsamehe hata yule wa pekupeku.

Sisi wenyewe tuna shule mbili za kuanzia. Shule ya kwanza ni ya Shaaban Robert katika Adili na Nduguze: ndugu wabaya wanaitwa Hasidi na Mwivu, na majina yao ndiyo wasifu wao. Utoto wa nini, wakati mtu anaitwa Mwivu? Kwa ngano inayofundisha, inatosha. Shule ya pili ni ya Kezilahabi katika Rosa Mistika, ya 1971. Tunaonyeshwa Zakaria, fimbo zake na ukali wake, na jinsi vilivyompotosha binti. Malezi yanaeleza sana. Na bado Rosa akifika chuoni anachagua, anakosea, anachagua tena, na mwandishi hamshiki mkono kumvusha. Kwa hiyo msiniambie kwamba jambo hili ni geni kwetu, ati tusubiri wazungu watufundishe.

Basi nikushauri nini, wewe mwenye daftari chini ya godoro? Kwanza, ukimchukua mwovu wa zamani, tafuta ufa ulioachwa na mtunzi wa kwanza na uingie humo humo. Usibomoe ukuta ili uingize kabati lako. Pili, uchawi usimfanyie mhusika kazi ya dhamiri. Macho yanayotia wazimu ni mazuri, lakini nani aliyeamua kulivua shela? Tatu, mpe saa moja ambayo angeweza kusema hapana. Iandike saa hiyo kwa utulivu kuliko zote.

Na kama unatafuta mwovu, usiende mpaka Scotland. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913, yumo kijana mmoja ambaye kila mtoto wa pwani anajua alichofanya na hakuna anayejua alivyokuwa. Ni mwana wa Liyongo. Utenzi unatueleza kwamba Waoromo, unaowaita Wagala, waliitaka mbegu ya shujaa yule, akaozwa mke, akazaliwa mtoto wa kiume. Mtoto aliyetakiwa kama mbegu! Akakua, akaahidiwa makubwa na Sultani wa Pate, akamchoma baba yake aliyelala sindano ya shaba kitovuni. Kitovu, mahali ambapo kila mtu alifungwa kwa mama yake.

Baba aliyelala, mwana mwenye silaha. Bibi Macbeth aliiona sura ile akaushusha mkono. Huyu wetu hakuushusha. Aliona nini? Alikumbuka nini, au alikataa kukumbuka nini, usiku ule? Ahadi ya Sultani haitoshi kunieleza, na utoto wa mateso hautanitosha vilevile. Inatakiwa riwaya nzima, tena ya mtu asiyeogopa kumwandika kijana aliyempenda baba yake na bado akaipasha moto ile sindano moyoni mwake siku baada ya siku.

Uga uko wazi. Atakayeuingia asije na machozi ya kumwombea msamaha yule kijana. Aje na ile saa moja, sindano mkononi, baba anakoroma, na mlango wa kutokea uko wazi nyuma yake.